Wakwe Darini

Kule Kadutu, mtaa wa Bukavu, juu ya kilima, palikuwa na nyumba moja ambayo ngazi yake ilikuwa nzuri kuliko viti vyake. Viti vilikuwa vya kawaida, kimoja kikiyumba. Lakini ngazi ilikuwa ya mbao nyekundu ya libuyu, imepigwa randa mpaka inateleza kama shavu la mtoto, na ilisimama kwenye kona ya sebule, ikielekea tundu la mraba katika dari. Mgeni akiuliza ni ya nini, aliambiwa kwamba ni ya kupandishia mahindi. Mahindi hayakuwahi kupanda ngazi ile hata siku moja.

Mwenye nyumba alikuwa Grégoire, fundi seremala, na kazi yake hasa ilikuwa dari. Nyumba nyingi za Bukavu zilikuwa na dari la mkono wake. Tangu serikali ilipofuta majina ya ubatizo, kitambulisho chake kilimwita Citoyen Bisimwa, yaani Mwananchi Bisimwa, na mtu akimwita hivyo njiani alichelewa kugeuka, kisha akasema, "Nisamehe, huyo mutu bado sijamuzoea."

Mke wake, Nsimire, hakumwita Grégoire wala Bisimwa. Mwanamke aliyelelewa vizuri hatamki jina la mume wake. Alimwita Papa Madeleine, kwa jina la binti yao. Kabla Madeleine hajazaliwa alimwita kwa kukohoa, na majirani walidhani ana kifua.

Sasa, habari ya ngazi ni hii. Miaka saba nyuma, katika vita ya bamersenere, wale askari wa kukodiwa, Nsimire alimchukua Madeleine wakakimbilia kwao Luhwindja. Grégoire alibaki mjini kwa sababu bosi wake alimwachia nyumba kubwa ailinde. Watu wenye bunduki walipofika, Grégoire alipanda kwenye dari, dari alilolipigilia misumari yeye mwenyewe, akakaa humo siku tisa. Huko juu alimkuta kuku. Kuku alikuwa amekimbia kabla yake. Kila asubuhi kuku alitaga yai, Grégoire akalinywa bichi na kumshukuru. Nsimire aliporudi alimkuta mume wake ameketi mlangoni, amekonda kama ufito, amempakata kuku mapajani. Kuku yule alikufa kwa uzee, akazikwa nyuma ya nyumba, na Grégoire hakula kuku tena.

Hadithi ya kuku aliisimulia popote, na watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Lakini tangu siku ile, mlio wowote uliofanana na risasi, tairi likipasuka, radi ikipiga karibu, ubao ukianguka barazani, Grégoire alipanda juu. Hakukimbia. Aliweka chini alichoshika, akapangusa mdomo, akapanda ngazi yake kama mtu anayekwenda ofisini. Alikaa huko mpaka jua lizame. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, watu walisema, na hawakusema zaidi.

Nsimire aliyaona mengi katika miaka ile, na aliyaweka moyoni. Aliona kwamba jirani yao Edouard, karani mwenye Vespa iliyopiga mlio kama baruti kila ilipowaka, aliisukuma kila asubuhi mpaka pembe ya barabara, katika matope, na viatu vyake vya ofisini, ndipo akaiwasha. Hakuna aliyemwomba. Aliona kwamba Mama Agathe, muuza maharagwe, aliwachapa watoto wake kwa kosa moja tu, kosa la kupasua mifuko iliyojazwa pumzi karibu na ukuta wa Grégoire. Na mtaa mzima ulikubaliana, bila mkutano, kwamba Grégoire akiwa juu, asiitwe. "Mumuache. Atashuka saa yake." Hata Nsimire hakumwita. Alituma bugali na mboga ya sombe kwa kikapu na kamba, akavuta kamba mara mbili, basi.

Hivyo ndivyo walivyoishi, na wangeishi hivyo mpaka kufa, kama Madeleine asingepata mchumba.

Mchumba aliitwa Pascal, mwalimu, mwana wa Kalehe, kijana mwenye masikio makubwa na adabu ya kutosha kuyajaza. Familia yake ilituma watu kuuliza, kama ilivyo desturi: ukoo wa msichana una wizi? Una ukoma? Una kichaa? Waliulizia sokoni, kanisani, bombani. Mtaa mzima ulijibu kwa sauti moja kwamba hakuna. Na siku ya kuleta ng'ombe ikapangwa, Jumamosi moja baada ya salongo, ile kazi ya pamoja ya kila wiki, majembe yakisha kuwekwa.

Nsimire hakulala vizuri tangu siku hiyo. Ng'ombe hupokelewa na baba wa msichana mwenyewe, amesimama mbele ya wakwe, kwa maneno yake mwenyewe: tumewaona, tumezipokea. Baba asiposema, ng'ombe hurudi zilikotoka. Na wakwe wakiona baba anapanda darini katikati ya maneno, hawatauliza mara ya pili kama nyumba ina kichaa. Madeleine alikuwa amempenda yule kijana na masikio yake. Na zaidi ya hapo, Nsimire hakutaka mtu yeyote kutoka Kalehe aende kumcheka mzee wake njiani.

Basi akaenda zahanati kumtafuta Noëlla.

Noëlla alikuwa muuguzi wa miaka thelathini hivi, mwenye soksi nyeupe na daftari la buluu. Mwaka ule alikuwa ametumwa kwenye mafunzo ya majuma matatu kuhusu watu walioumizwa na vita, wale wenye kidonda kisichofungwa bandeji. Alirudi na hatua sita, zimeandikwa kwa wino mwekundu, na hakuwa bado amepata mtu wa kumpitisha.

Alipofika kwa Grégoire, Nsimire alimpa kiti kizuri, kisichoyumba, katikati ya sebule. Noëlla alikitazama, akakibeba mwenyewe mpaka ukutani, akaketi mgongo ukiwa ukutani na macho mlangoni. Nsimire aliliona hilo. Mara ya pili Noëlla alipokuja, kiti kilikuwa kimekwisha kuwekwa ukutani.

"Citoyen Bisimwa," Noëlla alianza, kalamu tayari.

Grégoire aliendelea kupiga randa kibao chake.

"Papa Grégoire."

"Ndiyo, binti yangu."

"Hatua ya kwanza, unanielezea kile kilikupata."

"Mbona ni rahisi," alisema Grégoire, akaweka randa chini. "Kulikuwa kuku."

Noëlla aliandika kurasa nne kuhusu kuku. Alicheka, akajizuia, akacheka tena, wino ukamwagika kwenye soksi. Alipouliza, "Na zaidi ya kuku?" Grégoire alishika randa yake tena na kusema kwamba mbao zinamngoja.

"Hatua ya kwanza imekataa," Noëlla alimwambia Nsimire jikoni. "Tunaruka kwa ya pili. Tunamuzoeza milio, pole pole. Leo kijiko kwa sufuria. Kesho mwiko. Kila siku tunaongeza kidogo."

"Na siku ya mwisho tunapiga nini, binti yangu?"

Noëlla alitazama daftari. "Hapo hawakuandika."

Basi kila alasiri, Nsimire alisimama uani na sufuria, Mama Agathe na karai, Madeleine na mfuniko, Noëlla akihesabu kwa kalamu. Siku ya kwanza Grégoire alitetemeka kidogo. Siku ya tatu alitikisa kichwa. Siku ya tano alitoka nje, akasema, "Mama Madeleine, unachelewa. Mutu wa karai anakushinda," akamnyang'anya mwiko na kumwonyesha. Wiki ya pili milio ilikuwa mikubwa hata bwana mmoja wa chama, aliyepewa kazi ya kutafuta vikundi vya kucheza siku za sherehe, alisimama kwenye ua akipiga makofi. Alidhani wanafanya mazoezi. Aliandika majina yao wote, akamsifu Noëlla kwa uongozi, na kumwambia Grégoire kwamba mzee mwenye mwiko kama ule ni fahari ya mtaa.

Wanawake walifurahi. Noëlla alichora alama nyekundu kando ya hatua ya pili.

Siku iliyofuata tairi la lori la mchanga lilipasuka njiani. Grégoire aliweka mwiko juu ya karai, taratibu, akapangusa mdomo, akapanda ngazi.

Noëlla aliketi kwenye kiti chake cha ukutani, na Nsimire aliona kwamba mikono yake ilikuwa imebana daftari mpaka jalada limekunjika. Ilikuwa hivyo kabla Grégoire hajafika hata kipandio cha pili.

"Alizoea sufuria," Noëlla alisema mwishowe.

"Njo vile," alikubali Nsimire. "Lakini vita haikuwa ya sufuria."

Akamletea chai.

Jumamosi ikafika. Mtaa ulikuwa umejiandaa kama mji unaongoja askofu. Edouard, aliyechaguliwa kuwa mshenga wa upande wa Madeleine kwa sababu ulimi wake haukuwahi kukauka, alifunga Vespa kwa mnyororo kana kwamba ni mbwa. Mama Agathe aliwapeleka watoto wake wote kwa dada yake. Kasiksi, pombe ya ndizi, ilikuwa katika mtungi mkubwa na mirija yake. Noëlla alialikwa, na kiti chake kiliwekwa mahali pake.

Jambo moja tu hawakulifikiria. Hakuna aliyewaza kwamba mlio ungekuja na wakwe wenyewe.

Wakwe walikuja na lori kutoka Kalehe, ng'ombe nyuma, watu mbele. Walishuka kwa heshima. Wa kwanza alikuwa Papa Stanislas, mshenga wao, mzee mwembamba mwenye kofia, aliyekuwa katekista miaka mingi na aliyeogopa kosa moja tu duniani, kukosea ukweni. Wa pili alikuwa Papa Théodore, baba mdogo wa Pascal, mfanyabiashara wa kahawa, mtu mnene kiasi kwamba alipokaa, kiti chenye kuyumba kiliacha kuyumba. Nyuma yao akaja Pascal, masikio yamemwiva kwa aibu.

Maneno yalikwenda vizuri. Stanislas aliongea, Edouard akajibu, Stanislas akaongea tena. Ng'ombe zilisifiwa, hata ile yenye pembe moja. Ndipo Grégoire akasimama katika koti lake, mrija wa kasiksi mkononi, shingo wima. Nsimire, akiwa mlango wa jikoni, alishika fremu.

"Wakwe zetu," alisema Grégoire, "tumewaona. Ng'ombe zenu tumezi..."

Huko nje dereva aliamua kusogeza lori chini ya kivuli. Bomba la moshi likapiga mlio mmoja, mkubwa, mkavu.

Grégoire aliweka mrija wake chini. Akapangusa mdomo. Akapanda ngazi, koti na yote, na visigino vyake vikapotea ndani ya tundu.

Nje ng'ombe mmoja akalia, kama anayeuliza kama amepokelewa au bado.

"Edouard," alisema Papa Stanislas kwa sauti ya chini, "muzee iko anaenda wapi?"

Nsimire alimtazama Edouard. Edouard alimtazama Nsimire. Na katika ulimi ule usiokauka likatoka neno la kwanza lililokuwa karibu.

"Ni desturi," alisema Edouard. "Desturi ya huku kwetu. Baba wa binti, akifika mahali pa kupokea, anapanda juu kwanza. Anafikiri. Ngazi ile munaona ni ya kazi hiyo."

Stanislas aliitazama ngazi. Alitazama mbao za libuyu zilivyong'aa, akaona kwamba kweli, watu hawatengenezi kitu kama hicho kwa ajili ya mahindi.

"Hawakutuambia," alisema kwa wasiwasi. "Na sisi, bakwe, tunafanya nini?"

Hapo Edouard angeweza kusema tu, mnangoja. Neno moja. Lakini alikuwa amefurahi mno kwamba uongo wa kwanza umeshika. "Mushenga anamufuata," alisema. "Kidogo tu. Kwa heshima."

Papa Stanislas alivua kofia, akavua viatu, akavipanga sawasawa chini ya ngazi, akafanya ishara ya msalaba, akapanda.

"Edouard," alinong'ona Nsimire, "umetuua."

"Mama Madeleine, ni mudomo, si miye."

Basi Papa Théodore naye akasimama, kiti kikayumba tena kwa furaha. "Kama ni heshima," alisema, "hawatasema kwamba baba mudogo wa Pascal alibaki chini anakunywa pombe." Walimsihi. Walimwambia kwamba mshenga anatosha. Alisikia wanavyomsihi akadhani ni adabu ya ukweni, ambapo mtu husihiwa mara tatu, na mara ya tatu akapanda. Ngazi ililia lakini ilibeba.

Dari la Grégoire lilikuwa imara kwenye mihimili yake. Kati ya mhimili na mhimili palikuwa na triplex tu, ubao mwembamba. Seremala hujua pa kukanyaga. Mfanyabiashara wa kahawa hajui. Waliobaki chini walisikia mpasuko, vumbi likanyesha juu ya mtungi, na mguu mmoja wa Papa Théodore ukashuka kutoka juu mpaka pajani, suruali imepanda gotini, soksi ya kijani, ukaning'inia katikati ya sebule.

Sasa hapo wote waliinamisha vichwa. Mguu wa mkwe si kitu cha kutazamwa, na Nsimire, mama wa msichana, ndiye aliyekatazwa kuliko wote. Alijifunika uso kwa mkono. Halafu akafikiri kwamba mguu wa watu hauwezi kubaki uchi mbele ya mkutano. Akafungua kitenge chake cha juu, akaenda kinyumenyume kwa kupapasa mpaka akafika, akauvika mguu ule kitenge bila kuutazama, akafunga fundo zuri.

"Asante, mama," ilisema sauti ya Théodore kutoka juu.

"Karibu, papa," alisema Nsimire kwa mguu.

Kwa tundu hilo, pembeni mwa paja la Papa Théodore, maneno ya juu yalianza kushuka, wazi kama ya redio.

"Hapa juu ni pazuri, muzee," Papa Stanislas alikuwa akisema. "Kuna na godoro. Sisi kule Kalehe tunapokea ng'ombe chini tu, kama batu bila akili."

Halafu sauti ya Grégoire, ndogo. "Weye ulipanda sababu ya nini?"

"Niliona weye umepanda."

"Njo vile tu?"

"Mukwe akipanda, mutu anapanda."

"Tangu kuku," alisema Grégoire, "hakuna mutu alishafika hapa."

Na akamsimulia kuku. Stanislas hakucheka. Labda kwa sababu alikuwa amekaa juu ya mhimili na anaogopa kucheka. Grégoire alipomaliza kuku, Stanislas aliuliza kwa upole, kama aulizavyo katekista mtoto asiyejua sala, "Na hapa unangojea nini?"

"Ninangojea kuitwa."

Nsimire aliondoa mkono usoni.

"Tulikuwa wawili kwa ile nyumba," sauti iliendelea. "Miye na Léopold, mupishi. Ngazi ilikuwa moja, na mutu alipaswa kubaki kuiondoa, wasione. Léopold akaniambia, panda weye, uko na mutoto. Akasema, Grégoire, hapana shuka mpaka nikuite. Akaficha ngazi kwa jikoni. Wakaingia. Wakauliza, nani iko hapa? Akasema, niko peke yangu, mabwana, miye na supu. Alikuwa mutu wa mizaha, hata pale. Wakaenda naye. Nikangoja aniite. Siku ya tisa kuku ikaacha kutaga, nikaruka chini. Lakini hakuna mutu aliniita, unasikia? Nilishuka bila kuitwa."

Mguu wenye kitenge uliacha kutikisika. Pascal alikuwa analia waziwazi na masikio yake yote. Noëlla alifungua daftari, akatafuta ukurasa, akalifunga, akaliweka chini ya kiti.

Nsimire alimkumbuka Léopold. Alikuwa akimletea Madeleine mkate wenye zabibu kavu. Walijua kwamba alipotea, walimsomea misa. Lakini hayo mengine, katika miaka saba, Grégoire hakuyasema kwa mke wala kwa padre, aliyafunika kwa kuku. Na yeye Nsimire miaka hiyo yote alituma kikapu, akavuta kamba mara mbili, akanyamaza. Mtaa mzima ulinyamaza. Walimpa mzee wao kila kitu, godoro, chakula, Vespa iliyosukumwa kwenye matope, na wakamnyima kitu kimoja tu, na walimnyima kwa upendo.

Akaenda chini ya ngazi.

"Mama Madeleine," alinong'ona Edouard, "bakwe wanasikia."

Alijua. Jina alikuwa nalo mdomoni, na ilikuwa kama kujaribu kutoka nje bila nguo mbele ya watu wa Kalehe. Alikohoa kwanza, kwa mazoea ya zamani. Halafu akainua uso kuelekea tundu.

"Grégoire," alisema.

Mama Agathe aliweka mkono mdomoni.

"Grégoire, shuka. Wameenda. Ni miye nakuita."

Kisha ubao ukalia, na kiatu kikatokea, na cha pili. Grégoire alishuka vipandio tisa, kimoja kimoja, na jua lilikuwa bado juu kabisa. Alisimama mbele ya mke wake, vumbi kwenye koti, akamtazama kama mtu aliyetoka safari ndefu na kukuta mlango uko wazi.

"Uliniita," alisema.

"Nilikuita."

Wangebaki hivyo, lakini Grégoire aligeuka, akaona mguu.

"Huyu ni nani?"

"Mukwe wako."

Aliusogelea. Alitazama dari, alitazama mpasuko, na uso wake ukawa uso wa kazi. "Papa Théodore, ulikanyaga katikati. Katikati ni triplex. Mutu hakanyagi katikati."

"Hawakuniambia," ilisema sauti ya juu.

"Mama Madeleine, musumeno mudogo. Edouard, panda umushike mabegani. Mukwe, hapana tikisika, hapa iko karibu na suruali." Akasimama juu ya meza na kukata dari lake mwenyewe kuzunguka paja la mkwe wake, polepole, akipuliza unga wa mbao usimwingie, akimwambia maneno ya kumtuliza, pole, pole, tunafika, kama mtu anayezungumza na mtoto. Na msumeno ule ulipiga kelele mbaya sana, na mbao zikaanguka sakafuni pa! pa!, na yeye hakuzisikia.

Walipoketi wote tena, Théodore akiwa bado amevaa kitenge kwa sababu suruali ilikuwa imekata roho, Grégoire alisimama.

"Nilikuwa nimefika wapi?"

"Tumezi," alisema Pascal haraka.

"Tumezipokea," alisema Grégoire.

Na vigelegele vilipopigwa, alitazama ngazi mara moja, na hakupanda. Ndipo Papa Stanislas, akiwa anavaa viatu vyake, alimwegemea Edouard. "Desturi yenu ni ya kutisha kidogo," alisema, "lakini iko na maana. Hata ile ya mama kumuita kwa jina."

"Hiyo si desturi," alisema Edouard, akipangusa macho. "Hiyo hata miye nimeiona leo."

Mgeni njoo, mwenyeji apone, wahenga walisema. Hawakusema lazima dari lipone pia.

Sitaki kudanganya kwamba Grégoire hakupanda tena. Alipanda. Alipanda mara tatu kabla ya Krismasi. Lakini Nsimire aliweka kijiko chini, akaenda kwenye ngazi, akasema jina, na Grégoire akashuka kabla chai haijapoa. Na asubuhi moja alitoka nje, akamkuta Edouard anasukuma Vespa kwenye matope. Akashika usukani. "Washia hapa," alisema. Edouard alikataa. Walibishana kama wanaokataana zawadi. Mwishowe iliwaka palepale, ikapiga kama baruti, Grégoire akasimama tu, ameshika ukuta, mpaka moshi ukaisha. Kesho yake Edouard aliisukuma tena mpaka pembe, kwa sababu alikuwa amezoea, alisema, na matembezi yanasaidia tumbo. Kutoka Kalehe ilikuja barua ya Papa Stanislas. Alisalimu wote, akaomba vipimo vya ngazi.

Noëlla alikuja majuma mawili baada ya ile siku ya ng'ombe, alasiri, na daftari.

"Nataka kuandika, mama," alisema. "Lakini sijui niandike ni hatua ya ngapi."

Kiti chake kilikuwa ukutani. Hakukikalia. Alisimama akitazama matundu darini, lile la mraba na lile lingine, la umbo la paja, ambalo Grégoire alikuwa amelipaka vanishi ukingoni badala ya kuliziba.

"Kwenu mulikuwa wapi, wakati ule?" aliuliza Nsimire, huku akichambua maharagwe.

"Hapa hapa Bukavu," alisema Noëlla. "Nilikuwa chini ya kitanda. Dada yangu alikuwa nyuma ya mulango."

Maharagwe yalianguka kwenye karai.

"Ile ngazi iko imara?" aliuliza Noëlla.

"Ilibeba Papa Théodore."

Noëlla alivua viatu, akaviacha na soksi zake nyeupe zimekunjwa ndani, akaweka daftari la buluu juu ya kiti. Akapanda. Nsimire alishika ngazi mpaka visigino vilipopotea, kisha akarudi kwenye maharagwe yake. Kutoka juu akasikia kilio, kidogo, kisha kikubwa, na hakuinuka. Aliwasha makaa. Makaa yalikuwa na unyevu, yakachukua wakati wake, na aliona ni vizuri. Grégoire aliingia, akatazama viatu chini ya ngazi yake, akatoka tena kwa ncha za vidole.

Chai ilipochemka, Nsimire alimimina vikombe vitatu, akatia sukari, kimoja kwa wingi. Akapangusa mikono, akaenda chini ya tundu.

"Noëlla," aliita. "Binti yangu. Njoo ushuke."